Uzoefu wangu na tiba ya DBT: inapofaa na inapokwamia

Kwa mtu ambaye hasira, aibu au huzuni humpanda ghafla na kuchelewa kushuka, naipendekeza tiba ya tabia ya kidialektiki, maarufu kama DBT, yaani tiba ya kisaikolojia ya mazungumzo na mafunzo ya stadi, bila kusita. Sharti langu ni moja: uipate kamili.

Mwasisi wake ni mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyeitengeneza kwa ajili ya watu waliokuwa wakijidhuru na kutaka kujiua mara kwa mara. Matokeo ya jaribio lake la kwanza yalichapishwa 1991. Programu kamili ina kikao cha wewe na mtaalamu, takribani saa moja kila wiki. Darasa la kikundi la stadi, yaani mbinu za kutuliza na kuongoza hisia, saa mbili hadi mbili na nusu kila wiki. Ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu unapokwama. Na kikao cha wataalamu wenyewe cha kusaidiana kazi. Stadi zote humalizika kwa wiki 24 hivi, na kwa kawaida zinarudiwa, ndiyo maana watu husema ni tiba ya mwaka mmoja. Kikundi cha wiki chache peke yake kinaweza kukusaidia, lakini usikilipie kama programu nzima.

Kila jioni unajaza kadi: hisia zako kwa alama 0 hadi 5, hamu ya kujidhuru au kulewa, na stadi ulizotumia. Inaonekana kazi ndogo, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kadi ya wiki nzima iliyojazwa kwenye benchi la kusubiri haina faida, kwa sababu ifikapo Alhamisi hasira ya Jumatatu umeshaisahau ilianzaje, na mtaalamu anabaki kubahatisha aanzie wapi.

Stadi inayoonyesha matokeo haraka ni ya maji baridi. Jaza beseni maji yenye ubaridi wa kutosha, ila yasishuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Inama, vuta pumzi uizuie, tumbukiza uso mpaka maji yafunike eneo la macho na mashavu, ukae hivyo kama sekunde 30. Mwili hudhani umepiga mbizi na kupunguza mapigo ya moyo. Kama beseni haliko karibu, funga barafu kwenye kitambaa, iweke juu ya macho na mashavu, uiname na kuzuia pumzi vilevile. Kunawa uso tu ukiwa umesimama, huku unapumua, hakuleti nguvu hiyo, na wanaosema stadi hii haifanyi kazi mara nyingi wamefanya hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo, au mwenye tatizo la kujinyima chakula amuulize daktari kwanza.

Ukitoka kwenye maji, pumua taratibu: ndani kwa sekunde 5, nje kwa 7. Utulivu unaoupata ni wa muda mfupi, dakika chache za kukuwezesha kutumia stadi nyingine. Anayeishia kwenye beseni atarudi kwenye beseni kesho.

Hiyo nyingine, kwangu, ni kutenda kinyume. Kwanza kagua ukweli: nini hasa kimetokea, ukiacha tafsiri yako? Kama hisia inalingana na jambo lenyewe, tatua jambo. Kama hailingani, au kuifuata kutakuumiza, fanya kinyume cha inachokusukuma: hasira inataka ushambulie, wewe jitenge kwa upole, huzuni inataka ujifungie ndani, wewe toka. Ifanye kikamilifu, pamoja na uso, mabega na sauti. Kumjibu mtu maneno ya upole huku umekaza taya ni kinyume nusu, na hasira haishuki.

Kazi ngumu kuliko zote ni uchambuzi wa mnyororo. Baada ya tukio baya, kama kujidhuru, wewe na mtaalamu mnaandika hatua kwa hatua: ulikuwa umelala? umekula? nini kilichowasha moto? wazo gani lilifuata, mwili ulihisi nini, ulifanya nini, kisha ikawaje? Halafu mnachagua pete moja au mbili za mnyororo huo, yaani hatua za kubadilisha safari ijayo, za kukata. Unachosha na unaaibisha, na mtaalamu asiyekuwa makini anaweza kuufanya uonekane kama adhabu. Lakini kwa maoni yangu ndio kiini cha tiba hii, maana mara nyingi pete rahisi kukatwa iko mapema sana, kwenye usingizi au chakula kilichorukwa.

Jambo la simu linawakwaza wengi. Unapiga kabla ya kujidhuru. Ukishajidhuru, kwa utaratibu wa kawaida mtaalamu hakufundishi kwa simu kwa saa 24, ingawa hatari ya maisha inashughulikiwa muda wote. Ukikosa vikao vinne mfululizo vya aina moja, unatolewa kwenye programu mpaka muda wa mkataba uishe. Ni sheria kali, na ni haki yako kuelezwa kabla hujaanza.

Kabla ya kulipa, uliza: kuna kadi ya kila siku? Simu inapokelewa saa ngapi? Wataalamu wana timu yao? Usiku nikizidiwa na mawazo ya kujiua, niende hospitali gani? Wakikosa jibu la swali la mwisho, tafuta kwingine.