Rimoti ya Kwanza ya Ndege za Modeli: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Ndege yako ya kwanza itaanguka. Itapasuka pua, itavunjika bawa, utaipaka gundi na itaruka tena, na baada ya miezi michache utakuwa unatengeneza nyingine. Rimoti yenyewe hubaki mkononi mwako. Ukiichagua vizuri utakaa nayo miaka mingi, huku ndege zikija na kuondoka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: kwenye ndege bana matumizi, kwenye rimoti na risiva (kipokezi cha mawimbi yake) usibane.

Kitu cha kutazama kwanza ni itifaki ya redio, yaani namna rimoti inavyozungumza na risiva iliyomo ndani ya ndege. Siku hizi karibu kila kitu kiko kwenye masafa ya 2.4 GHz, lakini kampuni hazisikilizani: risiva ya FlySky haimsikii Spektrum, na ya Spektrum haimsikii Futaba. Kila ndege utakayoongeza itataka risiva yake. Anayelinganisha bei za rimoti tu amepiga nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni bei ya risiva moja, mara idadi ya ndege anazotamani kuwa nazo, na kama risiva hiyo inapatikana alipo au lazima isubiriwe wiki kadhaa kutoka nje.

Kuhusu chaneli, yaani idadi ya vitu ambavyo rimoti inaweza kuviendesha kimoja kimoja, usitishwe na namba. Ndege ya kujifunzia inahitaji tatu au nne: mota, eleveta ya kupandisha na kushusha pua, usukani wa mkia, na aileroni za kwenye mabawa. Ukiwa na sita unaweza kuongeza flapu au magurudumu ya kukunja.

Jambo moja ambalo ni gumu kulirekebisha baadaye ni mpangilio wa vijiti. Chukua Modi 2: mota na usukani wa mkia kijiti cha kushoto, eleveta na aileroni kijiti cha kulia. Ndivyo wanavyorusha wengi Marekani, na masomo mengi ya video yamejengwa juu ya mpangilio huo. Modi 1 huweka mota kulia na eleveta kushoto, na imezoeleka sana Japani. Kwa hiyo ukiona Futaba iliyotumika inauzwa kwa bei nzuri kutoka Japani, uliza modi kabla ya kutoa pesa. Vidole vikishazoea mpangilio mmoja, kuvihamisha ni kazi kubwa.

Mwisho, rimoti iweze kuchomekwa kwenye kompyuta kwa ajili ya simuleta, yaani programu ya kuigiza urushaji. Hili nalisisitiza kuliko watu wengi wanavyodhani linastahili. Ndege ikiwa inakuja upande wako, kulia na kushoto kunageuka machoni, na hapo ndipo wanaoanza wengi hupoteza ndege. Kwenye simuleta unajifunza dawa yake bure: ndege ikija kwako, sogeza kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka. Ukilifanya hilo jioni baada ya jioni kwenye PicaSim, ambayo hailipiwi, mikono itajibu yenyewe uwanjani.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninayoipendekeza zaidi.

1. RadioMaster Boxer, toleo la ELRS

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Vijiti ni vya ukubwa kamili na vinasomwa kwa sensa za sumaku za Hall, ambazo hazisuguani kama zile za zamani, kwa hiyo hazilegei upesi. Programu yake ni EdgeTX, ya chanzo huria, na ukichomeka waya wa USB-C kompyuta inaitambua mara moja. Bei hucheza kati ya dola 100 na 140 hivi, bila usafiri na ushuru.

Kilichoipa nafasi ya kwanza hasa ni ELRS, kwa kirefu ExpressLRS. Ni itifaki huria ya redio isiyomilikiwa na kampuni moja, kwa hiyo RadioMaster, BETAFPV, Matek na wengine wote wanatengeneza risiva zake, na ushindani huo umeshusha bei. Mawimbi yake hufika mbali kuliko jicho linavyoweza kuifuata ndege ndogo. Tena risiva hurudisha taarifa ya nguvu ya mawimbi, na zile zenye sensa ya betri hutuma volti, hivyo rimoti inakuonya kabla betri ya ndege haijaisha.

Ila ELRS ina mambo matatu ya kuangalia, na nayaeleza kwa sababu tangazo la dukani halitakuambia.

Kwanza, risiva nyingi za ELRS ni vipande vidogo kama ukucha, vilivyotengenezwa kwa droni zenye kompyuta ya kurushia. Hazina sehemu ya kuchomeka hata servo moja, yaani mota ndogo inayosogeza usukani au aileroni. Wewe unataka risiva ya PWM, ile yenye safu za pini tatu tatu ubavuni, kama RadioMaster ER6 au ER8.

Pili, chaneli ya 5 kwenye ELRS kwa kawaida ina hali mbili tu, imewashwa au imezimwa. Imetengwa kwa ajili ya swichi ya usalama. Ukiipa chaneli hiyo servo ya pili ya aileroni, bawa moja litasogea taratibu na jingine litaruka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Weka aileroni ya pili chaneli ya 6, na kwenye menyu ya ELRS chagua Switch Mode ya Wide, maana ile ya Hybrid huipa chaneli hiyo hatua sita tu.

Tatu, agiza ya 2.4 GHz, si ya 900. ELRS ya 915 MHz hutumia masafa ya takriban 903 hadi 927, na kwetu Afrika Mashariki sehemu ya masafa hayo ndiyo simu za GSM 900 zinapotumia kupeleka mawimbi mnarani. Hutaki ndege yako ishindane na simu ya jirani, wala mtandao wa simu usumbuliwe na mchezo wako.

Boxer ina pia toleo la 4-in-1, lenye chipu nne zinazoweza kuiga itifaki nyingi: A7105 kwa FlySky, CYRF6936 kwa Spektrum, CC2500 kwa FrSky na baadhi ya Futaba, na NRF24L01 kwa ndege nyingi za kuchezea. Linamfaa mtu aliyerithi sanduku la ndege mchanganyiko. Anayeanza bila kitu achukue ELRS. Nyuma ya Boxer kuna nafasi ya moduli, na moduli ya itifaki nyingi anaweza kuiongeza siku akiihitaji.

2. RadioMaster Pocket, toleo la ELRS

Ilitoka 2023 na bei yake ni kama dola 65. Ndani ina karibu kila kitu ilichonacho Boxer: EdgeTX ileile, sensa za Hall, USB-C ya simuleta. Imepungukiwa ukubwa. Vijiti ni vifupi, na kwa ndege, ambayo inataka mikono ya taratibu kuliko droni, ufupi huo unaonekana: kusogeza kidogo tu kunatoa mwendo mkubwa. Dawa yake ni kupunguza makali kwenye mipangilio, sehemu inayoitwa ekspo. Kwa mwanafunzi mwenye pesa ya kuhesabu, ningeichukua hii mapema kuliko kusubiri mwaka mzima nikiwekea Boxer.

Betri haiji nayo. Inataka betri mbili za lithiamu za ukubwa wa 18650, na hapa jihadhari. Lebo ya 18650 ikisema mAh 9900 ni uongo mtupu. Nzuri za ukubwa huo kwa kawaida zinafika 3500 hivi. Nunua kwa muuzaji anayeeleweka au upate za laptopu zilizopimwa na fundi anayejua kazi yake, mbili za aina moja na umri mmoja.

3. FlySky FS-i6X

Kwenye maduka ya Nairobi yanayouza Arduino na vifaa vya wanafunzi wa uhandisi, hii au ndugu yake FS-i6 ndiyo utakayoikuta kwanza. Huja na risiva ndani ya boksi, kwa dola 50 au 60 kwa bei za nje. Inatumia betri nne za AA, ambazo hata duka la mtaani lina. Menyu yake ni nyepesi. Mtu asiyependa kusoma anaweza kuoanisha risiva na kugeuza mwelekeo wa servo siku ileile. Itifaki yake, AFHDS 2A, inatosha kabisa kwa ndege unayoiona kwa macho.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Kwa simuleta unahitaji waya maalumu unaochomekwa nyuma, na waya huo unauzwa peke yake. Halafu mfumo ni wa kampuni moja: ukitaka kuhamia ELRS utabadilisha rimoti na risiva zote pamoja. Hata hivyo, kama umeipata leo na Boxer itachukua miezi kufika, chukua FlySky uanze kujifunza. Kati ya FS-i6 na FS-i6X tofauti kubwa kwako ni chaneli, sita dhidi ya kumi, na sita zinakutosha.

4. Spektrum NX6

Kwa anayeishi Dar au Mombasa siipendekezi kama ya kwanza. Rimoti inapita dola 200 na risiva moja inaweza kufikia bei ya Pocket nzima. Lakini kwa msomaji aliyeko Marekani au Uingereza anayejiunga na klabu, inapanda hadi nafasi ya kwanza. Klabu nyingi huko zimejaa Spektrum, mwalimu anaweza kuunganisha rimoti yake na yako bila waya na kukunyang'anya ndege kabla haijagonga chini, na ndege nyingi za E-flite na HobbyZone huja zikiwa na risiva tayari. Kujifunza na mwalimu aliyeshika rimoti ya pili kunashinda sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

5. Futaba za ngazi ya kwanza

Utengenezaji wao ni wa kuheshimika, na waliorusha zamani wana haki ya kuzipenda. Kwa anayeanza leo, mipangilio ni michache kwa pesa hiyo na risiva ni ghali. Chukua tu kama mtu anakupa yake pamoja na risiva.

Za kuacha kabisa ni rimoti za zamani za 35 au 72 MHz zenye kristali: watu wawili wakiwa kwenye chaneli moja, ndege moja inaanguka. Acha pia FS-CT6B, isiyo na skrini, ambayo kila mpangilio unataka kompyuta na waya wake. Na rimoti iliyokuja na ndege ya kuchezea kwa kawaida haitakubali ndege nyingine.

Ukishanunua, kabla ya kurusha fanya jaribio hili, haijalishi umechukua ipi. Toa propela kwenye mota. Fungia ndege mezani, washa rimoti, kisha ndege. Sukuma kijiti cha mota hadi robo, mota inazunguka. Sasa zima rimoti. Mota lazima isimame ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuzunguka, maana yake siku mawimbi yakikatika ndege itaondoka na mota inanguruma hadi ikutane na mtu au paa la nyumba. Kwenye FlySky kinga hiyo unaiweka mwenyewe kwenye menyu ya risiva, chaneli ya mota ishuke hadi chini kabisa. Kwenye risiva za PWM za ELRS unaingia kwa WiFi ya risiva yenyewe, unafungua ukurasa wake kwenye simu, na kuweka thamani ya kila pini. Rudia jaribio baada ya kila mabadiliko, kwa sababu kuoanisha upya au kuweka programu mpya kunaweza kufuta ulichoweka. Ukiweka programu mpya ya ELRS, rimoti na risiva ziwe za toleo kuu moja, kwa mfano 3 kwa 3.

Kuhusu kuagiza: Kenya ina Kanuni za Ndege Zisizo na Rubani za 2020 zinazosimamiwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Tanzania mamlaka hiyo ni TCAA. Uliza kwanza kwa maandishi kama ndege yako ya povu inahesabiwa pamoja na droni, na upate jibu kabla mzigo haujafika forodhani. Agiza rimoti na risiva kwanza, ndege baadaye. Muda wa kusubiri vibali utautumia kwenye simuleta. Kama pesa yako ni ya kuhesabu, ningeigawa hivi: Pocket, risiva mbili za ER6, betri na chaja nzuri, na kinachobaki kinunue bodi za povu, servo nne na mota moja. Risiva ya pili iwe ya akiba, maana siku ndege ikitua kwenye dimbwi, risiva iliyomo ndani yake ndiyo itakayoharibika, na hutataka kusubiri mzigo kutoka China kwa ajili ya kifaa kidogo kiasi hicho.