Kulea wa kiume na kulea wa kike, mi nimeonja zote

Ninao wawili, dume la miaka 13 na binti wa 11, tuko Mbagala, Dar, na kiukweli sio kazi moja. Dume utotoni ndo alinitoa jasho, ukigeuka tu keshapanda ukuta, ndala kila wiki inapotea, magoti hayaponi. Binti alitulia na midoli yake, nikasema huyu mteremko. Weee! Sahivi dume mpe ubwabwa wa kushiba na mpira huna kesi nae, ila haongei, ukimuuliza shule vipi anajibu "poa" basi, mpaka uje usikie kwa jirani kapigana. Binti ananimwagia yote mpaka nani kamnunia nani, ila akinuna yeye siku tatu nyumba haina raha.

Matumizi, dume ni viatu na msosi, binti ni kusuka na pedi zinakuja. Chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, binti kachomwa shuleni bure, walichoma wa kike wa miaka 9 hadi 14.

Kinachoniuma ni vile Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka wa kiume 18 ila wa kike hata 15 mzazi akiridhia, na Mahakama ya Rufani 2019 ilishasema huo ni ubaguzi. Na majumbani ndo yale yale, vyombo ni vya binti. Mi nimepanga zamu, jana dume kasugua sufuria la ugali huku kavimba, shangazi yake akaguna, nikamwambia wifi, huyu akienda kupanga geto nani atamuoshea?