TAHADHARI: "dawa ya kutu" ya bidoni nyeupe ni asidi ya kusugulia vyoo!

Bandugu wa Lubumbashi, yambo. Naandika kwa hasira, na aibu juu yake, maana kazi yangu ni hii hii ya kunyoosha bodi za magari na bado nimechotwa akili mchana kweupe. Kuna kijana upande wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, anauza "dawa ya kutu" kwenye bidoni nyeupe za lita 5, dola 30. Simtaji jina, waliopita kwake wamemjua. Msinunue!

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mzee, mnaifahamu, sina la kuongeza.

Sikieni alivyonipata. Mbele yake ubao, juu ya ubao bolti nne zilizooza, nyekundu tupu. Akabana moja kwa koleo, akaichovya kwenye chupa iliyokatwa shingo. Mara ikaanza kutoa viputo, vidogo vidogo kama vya soda. Akahesabu kwa sauti mpaka mia. Akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa: meno yote yanang'aa kama imetoka dukani leo. "Papa, hii inakulaka kutu mpaka ku mizizi. Hautapiga hata musasa." Nikaishika mimi mwenyewe, nikaigeuza juani, nikaridhika. Akaichukua haraka, akaitupa kwenye kopo la mafuta. Hilo la kopo nililiona pia. Sikulifikiria.

Mtaniuliza, wewe fundi mzima ulimwaminije? Lebo ilichapwa vizuri, Kifaransa safi, na alama ya hatari juu. Bei haikuwa ya kutupa. Ingekuwa dola 5 ningecheka nikaenda zangu. Risiti ina muhuri. Tena yeye ndiye alianza kutaja tanini, kiungo cha dawa za kweli za kutu, na akaniagiza nisubiri saa 24 kabla ya rangi, neno ambalo hulisikii kwa mtu asiyejua kazi.

Ilikuwa Septemba, kila kitu kikavu. Dawa ikaingia madigadi mawili ya mbele, chini ya kioo, na longeroni zote mbili, yale mabomba ya chuma ya chini yanayobeba bodi. Toli, yaani bati la bodi, ikatoka nyeupe! Asubuhi yake imefunikwa unga wa rangi ya chungwa, mwepesi, unaofutika kwa kidole. Nikampigia simu. Akasema, "Papa, hiyo ni dawa inakauka." Nami nikakubali. Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo. Praima, masitiki ya kujazia mashimo, rangi, gari likatoka linapendeza. Novemba mvua ikaanza, na haikupita wiki tatu ukingo wa chini wa digadi ukaota malengelenge, makubwa kama punje za mahindi. Ukibonyeza moja linapasuka, linatoa maji ya kahawia. Kilichonifumbua macho ni spana: zile za kabati lililokuwa karibu na bidoni zimeota kutu zote, za upande wa pili hazina kitu. Mvuke wa asidi ya hidrokloriki, ile ya kusugulia vyoo, ndio unaofanya hivyo.

Asidi hiyo inakula kutu kweli, hapo hakudanganya. Ikimaliza kutu inakula chuma chenyewe, na vile viputo ni hidrojeni inatoka. Ubaya ni inachoacha nyuma: chumvi za kloridi ndani ya vishimo, na katikati ya toli mbili zilizochomelewa kwa pointi. Chumvi hizo zinavuta unyevu wa hewa, na chuma kinaendelea kuoza chini ya rangi. Masitiki nayo inakunywa maji kama sifongo. Digadi unaweza kuliokoa. Longeroni ni bomba lililofungwa, utaisuuza wapi?

Dawa ya kweli ya kugeuza kutu HAING'ARISHI chuma. Yenye tanini inaifanya kutu iwe nyeusi yenye ubluu. Yenye asidi ya fosfori peke yake inaacha ukungu wa kijivu. Inaenda polepole. Na haiwezi magamba: kwanza unadunga kwa bisibisi kujua wapi pamekuwa pembamba kama karatasi, unapiga brashi ya waya, msasa namba 80, unapangusa kwa diluanti (ile ya kuyeyushia rangi), unabakiza kutu nyembamba iliyong'ang'ania tu. Unapaka tabaka mbili nyepesi, unasubiri saa 24, kisha praima ya epoksi (soma lebo yake kwanza, nyingine hazishiki juu ya mabaki ya asidi). Masitiki ni juu ya epoksi, kamwe si juu ya toli tupu.

Kama umekwisha kupaka uchafu wake, kwangua mpaka toli. Osha kwa maji ya moto mengi na sabuni, kisha bikaboneti ya soda gramu 50 kwa lita ya maji, suuza tena, kausha kwa kompresa hapo hapo, usiende kula kwanza. Longeroni ikate: vuka kutu sentimita 2 mpaka chuma kizima, chomea toli ya milimita 1 kwa pointi za kurukaruka ili isijipinde, na usizibe matundu ya kutolea maji. Mimi nakata zote mbili.

Dalili? Kifuniko kikifunguliwa kunatoka moshi mweupe unaochoma pua. Viputo. Kung'aa ndani ya dakika mbili. Na bolti hakuachii, anaitupa kwenye mafuta, kwa sababu ukilala nayo nyumbani asubuhi utaikuta ya chungwa. Ningeomba ile bolti moja tu!

Mtu huyu aitwe mbele ya burgumesta, mkuu wa komini, anyang'anywe ule ubao wake, alipe kila toli aliyoiharibu mjini. Dola 30 abaki nazo, mimi nadai longeroni mbili, madigadi, rangi, na siku kumi na moja za kazi. Tena nasema afungwe! Kuna watu wameweka dawa hii chini ya viti vya taksi-basi, pale sakafu inapobeba abiria kumi na tano, na yeye anahesabu mpaka mia.

Kwangu zimebaki lita 3. Bidoni iko nje, mbali na spana. OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, wakitaka kuipima, waje waichukue.