Uzi wa mashine ya kukatia majani: upi ununue na uusokoteje

Nakata majani kwa malipo hapa Tanga: viwanja vya shule, nyua za nyumba za Raskazone, makaburi, na mashamba ya minazi na michungwa upande wa Muheza. Watu wakiiona kazi hii wanahesabu petroli tu. Mimi najua kwamba kinachoamua kama siku itaisha na faida ni uzi wa nailoni ulio ndani ya kichwa cha mashine. Uzi mbovu unakatikia ndani, unakwama, unakulazimisha kuzima, kufungua kichwa juani na kuanza upya huku mwenye uwanja anakutazama kibarazani. Tathmini hii ni ya uzi na spuli (kigurudumu kinachosokotewa uzi ndani ya kichwa) zinazouzwa madukani kwetu, kwa mtu mwenye mashine ya petroli ya begani, hasa hizi za Kichina za cc 43 na cc 52 ambazo ndizo zimejaa mtaani, au Honda yenye injini ya GX35.

Nianze na unene, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Unene huandikwa kwa milimita kwenye karatasi ya roli: 1.6, 2.0, 2.4, 2.7, 3.0 na kuendelea. Mashine ndogo za umeme za bustani ndizo za 1.6 hadi 2.0. Ya petroli ya begani ipe 2.4 kwa ukoka na majani laini, 2.7 majani yakishakomaa. Wengi wanaamini kadiri uzi unavyokuwa mnene ndivyo unavyokata zaidi, wanabeba 3.3 kwenye injini isiyoiweza. Uzi mnene ni mzito na unapambana na hewa zaidi. Injini inashindwa kufika resi yake, kluchi inateleza na kupata moto, na uzi unaozunguka polepole haukati, unayapiga tu majani mpaka ncha zinachanika na uwanja unaonekana mweupe kesho yake. GX35 naipa 2.4 basi. Ile ya cc 52 naipa 2.7 masika yakipamba moto. Tena soma kichwa chenyewe, vingi vimeandikwa unene wa juu kabisa kinaoukubali.

Usinunue kwa rangi. Nimesikia muuzaji akimwambia mteja "chukua wa chungwa, ndio mgumu," na mteja akalipa. Kila kiwanda kina rangi zake. Wa chungwa wa huyu si wa chungwa wa yule. Kuna duka moja Ngamiani, jina silitaji, linauza roli zilizoandikwa 3.0 ambazo ukizipima kwa vernia, kile kipimio cha unene, ni 2.7. Uzi wenyewe si mbaya hata kidogo, ila unalipia unene usioupata. Tangu hapo sinunui roli kubwa bila vernia mfukoni.

Kama huna vernia, mizani inasaidia. Nailoni ina uzito wa karibu gramu 1.14 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kilo moja ya uzi wa mviringo wa 2.4 inatoa takriban mita 190, ya 2.7 takriban mita 150, na ya 3.0 takriban mita 120. Muuzaji akikupimia kwa kilo, jua unanunua mita ngapi. Akikupimia kwa mita, linganisha na mwenzake wa kilo. Bei siziandiki kwa sababu zinabadilika kila mzigo unapoingia, ila uwiano haubadiliki: roli kubwa ni nafuu sana kwa mita kuliko vile vipande vya kwenye pakiti, na spuli iliyosokotwa tayari ndiyo ghali kuliko zote.

Juu ya hizo spuli zilizosokotwa tayari nina neno la kusema. Sifa yake ni moja na si ndogo: imesokotwa kiwandani, nyuzi zimelala sawasawa, hazijapandana. Kwa mtu mwenye bustani moja na mashine ndogo ya umeme, achukue hiyo, asihangaike. Lakini spuli huingia kichwa chake tu. Tofauti ya milimita mbili kwenye tundu la katikati au kwenye urefu inatosha kuifanya icheze au isishike meno, na kwenye rafu zote zinafanana. Nenda na ile ya zamani mkononi, ziweke pamoja, tazama tundu, meno na springi. Ninachokipenda mimi ni spuli tupu. Kwa kila mashine nina spuli mbili za ziada. Nasokota usiku nyumbani kwenye mwanga na utulivu, shambani nabadilisha tu kwa dakika moja.

Upande wa umbo, uzi wa mviringo ndio ninaoununua. Hauna makali, lakini unadumu, unatoka vizuri kwenye kichwa na haukatiki ovyo ukigusa jiwe. Wa mraba na wa nyota una kona, na kona zile kweli zinakata safi, hasa magugu yenye shina na majani yaliyolala. Shida ni kwamba kona zinalika upesi, na ardhi ya Raskazone ina mawe ya matumbawe yanayochomoza kila mahali. Hapo wa mraba unaisha kabla hujafika ukuta wa pili. Muheza kwenye udongo mwekundu usio na mawe, wa mraba unanipa kazi nzuri kuliko wa mviringo na nautumia bila kusita. Ule uliopindwa kama kamba unapunguza kelele na mtikisiko, unafaa karibu na hospitali au msikiti, lakini kwetu haupatikani kila siku.

Kuna kitu kinachosahaulika: nailoni inahitaji unyevu. Roli iliyoning'inia dirishani mwa duka, jua linaichoma mwaka mzima, inakauka na kuwa kama kijiti. Ukiukunja uzi kwa vidole viwili unapasuka au unaacha alama nyeupe kwenye kunjo. Mzuri unakunjika na kurudi. Fanya jaribio hilo mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hela. Na kama tayari unao uliokauka, uzamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Nailoni inanyonya maji na kulainika, na asubuhi utaona tofauti kwa mkono. Spuli zangu nilizosokota jioni zinalala majini. Roli naihifadhi ndani, mbali na jua na mbali na bati la moto.

Sasa kusokota kwenyewe, maana uzi mzuri uliosokotwa vibaya ni hasara ileile. Kata urefu kichwa kinaoutaka, kwa vichwa vingi vya kawaida ni mita tatu hadi tano. Kunja katikati, upande mmoja uzidi mwingine kwa upana wa kiganja. Kwenye ukuta unaogawa spuli kuna mfuo mdogo. Kunjo linakaa humo. Tazama mshale uliochorwa kwenye spuli na ufuate upande wake, usibahatishe. Kila upande wa uzi una chumba chake, juu na chini ya ule ukuta, na hapo ndipo vijana wanapoharakisha: nyuzi zinapandana, zinavukana, ukiwa kazini ule mzunguko wa juu unazama chini ya mwenzake, na uzi hautoki tena hata ugonge kichwa ardhini vipi. Laza mzunguko mmoja kando ya mwingine, ukiubana kwa kidole gumba, mpaka safu ijae, ndipo upande safu nyingine. Usijaze hadi ukingoni. Acha nafasi ya nusu sentimita, kwa sababu uzi uliojaa unasugua kichwa, unapata joto na kugandana. Ukifungua na kukuta uzi umeshikana kama ulioyeyushwa, chanzo ni hicho, au kuvukana, au ulikuwa unagonga saruji.

Ncha nazikata mshazari ili zipenye kwenye matundu ya kichwa kwa urahisi. Naziweka kwenye vijifuo vya ukingo wa spuli zisifumuke, napitisha, naweka springi, nasukuma kifuniko mpaka kilie pande zote mbili. Kisha navuta nyuzi zote mbili kwa nguvu kutoka nje mpaka zichomoke kwenye vijifuo. Zikilingana urefu, mashine haitikisiki.

Kichwa nacho kichague. Vile vyeusi vya bei ya chini vinavyokuja na mashine mpya havina pete za chuma kwenye matundu. Uzi unaitafuna plastiki mpaka tundu linakuwa ufa, na kitufe cha kugonga kinalika na kutoboka. Tafuta chenye pete za chuma na kitufe kinachouzwa peke yake. Vizuri zaidi ni vile visivyofunguliwa, aina ambayo Echo wanaiita Speed-Feed: unapitisha uzi tundu hili utokee tundu la pili, unavuta hadi pande zilingane, unazungusha kitufe na uzi wote unaingia wenyewe. Mtu anayejaza mara nyingi kwa siku asinunue kingine. Hakikisha tu skrubu inaingia: mashine nyingi za Kichina zina M10 yenye hatua ya 1.25 (unene wa milimita 10, na milimita 1.25 kati ya jino na jino), tena ya kushoto. Kwa hiyo kufungua ni kuzungusha kuelekea mwendo wa saa, huku umezuia giaboksi kwa bisibisi nyembamba kwenye tundu lake. Wengi wamevunja kichwa kwa kukaza huku wakidhani wanafungua.

Kuna wanaokwepa gharama kwa kutia mshipi wa kuvulia. George Ballas wa Houston, Texas, aliyebuni chombo hiki mwaka 1971 baada ya kuona brashi za kuoshea magari zinavyozunguka, naye alianza na kopo lililotobolewa na nyuzi za kuvulia, kwa hiyo wazo si la ajabu. Lakini mshipi umetengenezwa kuvuta samaki, unavutika, na kwenye shina gumu hauna kazi. Huo ni upotevu tu. Kinachonitia hofu ni waya: waya wa kufungia nondo, waya wa breki ya baiskeli. Nimeona vikitumika kwenye viwanja vya shule. Kipande kikikatika kinaruka kama risasi, na watoto wako dirishani. Mwaka 2012 Tume ya Ulaya iliamuru nchi wanachama zizuie kuuzwa kwa vichwa vya minyororo na vyuma vilivyounganishwa vya mashine hizi, kwa hatari hiyohiyo. Nawaomba sana wenzangu, uzi ukiisha kazi isimame. Na hata kwa nailoni, watu wakae mita 15 mbali, na wewe uvae miwani.

Ile kinga ya plastiki nyuma ya kichwa isitolewe. Watu wanaitoa waone vizuri, hawajui kwamba ina kisu kidogo kinachokata uzi kwa urefu unaotakiwa. Bila hicho kisu uzi unakuwa mrefu mno, injini inalemewa na petroli inaisha mapema, mbali na mawe yanayokurudia miguuni.

Kazini, kata kwa ncha ya uzi. Ncha ndiyo yenye kasi. Ukizamisha kichwa chote kwenye majani unauchosha uzi kwenye shina lake. Majani marefu yashushe kwa awamu, juu kisha chini. Ili uzi utoke, gonga kitufe kwenye udongo laini, mashine ikiwa kwenye resi, mguso mwepesi mmoja. Usisubiri uzi ubaki wa kidole, kwa sababu mfupi hauna uzito wa kujivuta nje na itabidi uzime uuvute kwa mkono. Kwenye mipapai, michungwa michanga na miche ya minazi, usikaribie: uzi unalizunguka gome na kulimenya, na mti unakauka wiki kadhaa baadaye wakati umeshalipwa na kuondoka. Palilia duara la hatua moja kwa jembe, kisha kata nje yake. Mabingobingo yaliyokomaa hayakatiki kwa uzi. Hapo funga kisu cha chuma badala ya kichwa.

Na majani ya kulisha mbuzi kateni kwa mundu. Kila uzi unaoisha umeisha kwa vipande vilivyobaki ardhini, na nailoni haiozi tumboni mwa mnyama. Kwenye uwanja naokota vile vikubwa ninavyoviona, naviweka kwenye mfuko pamoja na masalia ya spuli.

Ukiniuliza ununue nini leo ukiwa na cc 52 na kazi za mchanganyiko: roli ya mviringo ya 2.7 uliyoipima mwenyewe, kichwa cha kuzungusha chenye pete za chuma, na roli ndogo ya mraba ya 2.4 ya kazi zisizo na mawe.