Purdue OWL kwa mwanachuo wa Mwanza: uzoefu wangu

Kama uko mwaka wa tatu na mwongozo wako wa ripoti unasema "tumia APA" (mtindo wa kutaja vyanzo na kupanga marejeo) halafu basi, Purdue OWL, tovuti ya mwongozo wa uandishi wa kitaaluma, itakufaa. Ni ya Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Marekani, iko mtandaoni tangu 1994. Ni bure, na huhitaji kufungua akaunti kusoma.

Utafiti wangu ulihusu akina mama wanaonunua dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Vyanzo vyangu vingi vilikuwa taarifa za serikali, na hapo kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Taarifa ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwandishi ni nani? OWL ilimaliza ubishi: taasisi yenyewe ndiyo mwandishi. Unaanza na jina lake, mwaka kwenye mabano, kisha jina la taarifa kwa italiki. Na kwa kuwa mchapishaji ni huyohuyo, humtaji tena mwishoni. Mazungumzo ya simu na ofisa uvuvi yanatajwa ndani ya matini tu, pamoja na tarehe. Kwenye orodha ya marejeo hayaingii.

Angalia na toleo la APA. La saba lilitoka 2019: mji wa mchapishaji umeondolewa, na waandishi wakiwa watatu au zaidi ndani ya matini unaandika wa kwanza na "et al." (yaani "na wenzake") tangu mara ya kwanza. Ripoti za zamani zinazozunguka kwenye stesheneri nyingi ni za toleo la sita. Ukiziiga, umeumia.

Kasoro zipo. Mifano ni ya Kimarekani mno, matangazo yanakula bando, na hakuna wa kukusomea kazi yako. Ushauri wa mtu kwa mtu ni kwa watu wa Purdue wenyewe. Pia haikusaidii sana pale sentensi inapogoma. Kwa hilo nilihamia Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester, nayo bure, ina vianzio vya sentensi kwa kila sehemu ya ripoti. Sura yangu ya majadiliano iliponea hapo.

ChatGPT nayo itakunyooshea Kiingereza, ila usiiombe marejeo bila kuyahakiki. Huweza kukutungia makala ambayo haijawahi kuandikwa, na mwandishi juu.

Halafu kuna wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp, "tunaandika ripoti nzima, bei maelewano". Haya, siku ya kujitetea mbele ya jopo utaenda nao?

OWL inasomeka vizuri hata kwenye simu. Ukipata Wi-Fi, hifadhi kama PDF kurasa mbili: kanuni za msingi za orodha ya marejeo, na sampuli ya andiko la APA. Mimi hizo ndizo nilizotumia geto, Mkolani, bando likiwa limekata, hadi nikakusanya.