Fundi wa kukagua dohani Kisoro: wa kwanza alimulika tochi, wa pili alipanda paa

Baridi ya Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, usiku si ya kusimuliwa. Mlima Muhavura ukishajifunika wingu jioni, mgeni anayefika kwanza ndiye anayedai chumba chenye meko ya ukutani. Nyumba yangu ya wageni ina vyumba viwili vya namna hiyo, vya zamani, dohani ya matofali. Mwezi wa sita mgeni mmoja alinigongea saa saba usiku, kichwa kinamuuma, chumba kinanuka kama lami inayoungua. Tulimhamisha, tukaacha madirisha wazi hadi asubuhi. Bahati yetu ilikuwa ile harufu, maana kaboni monoksaidi, hewa inayoumiza kichwa na hatimaye kuua, haina harufu yoyote.

Hapa mjini sijaona kibao cha mkaguzi wa dohani. Unaulizia mafundi wa kujenga, nao hakuna wasichokijua. Wa kwanza alichuchumaa mekoni, akamulika juu kwa tochi ya simu: "Mama, iko sawa, washa tu." Dakika kumi, shilingi 50,000. Jioni nikawasha, moshi ukarudi wote chumbani.

Wa pili nilielekezwa na mwenye vyumba kule Ziwa Bunyonyi. Ni mzee wa Kabale, Kiswahili chake ni cha jeshini, cha kuamuru. "Leta ngazi. Leta gunia. Loweka." Nikaloweka.

Alianzia juu. Akapima, akaniita nione: mdomo wa dohani unatakiwa upite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kando yake. Wetu ulikuwa umezidiwa na paa la jiko tulilojenga mwaka juzi, ndiyo maana upepo ukivuma upande ule moshi unarudi ndani. Nilikuwa nimewalaumu wageni bure kwamba hawajui kuwasha moto.

Kisha akakwangua ndani kwa brashi ya waya. Mbali na kiota, vilidondoka vipande vyeusi vinavyong'aa. Akanipa kimoja mkononi, kigumu kama kioo. Hayo si masizi ya kawaida, ni moshi wa kuni mbichi ulioganda, na siku ukishika moto unawaka humo humo ndani ya dohani. Ukifika unene wa milimita 3 inabidi usafishe. Wetu ulilingana na kidole changu kidogo. Mikaratusi tunayonunua barabarani huwa bado inatoa maji, na mimi nilikuwa naisukumia mekoni hivyo hivyo. Marekani, NFPA, shirika la kuzuia moto, linataka dohani ikaguliwe kila mwaka. Mimi nina miaka saba hapa, hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Lile gunia lililolowa alilitumia kuziba mdomo wa dohani. Akawasha majani mabichi mekoni, akaniambia nipande darini naye. Tulikaa gizani tukisubiri, halafu nikauona moshi, uzi mwembamba, ukitoka kwenye ufa wa matofali, sentimita chache tu kutoka kwenye mti wa kenchi. Akaupangusa ule mti kwa kidole gumba, kikatoka cheusi. "Mama, huu umeshaanza kuwa makaa."

Gharama ilikuwa 180,000 na nauli ya Kabale juu yake. Siilalamikii. Ninacholalamikia ni kwamba hakuandika chochote, picha nilipiga mwenyewe, na hakufunika kitanda, kwa hiyo mashuka mawili yameharibika. Simu yake pia haipokelewi kabla ya saa sita mchana. Ila ukimwita mtu yeyote akague, muulize kwanza kama ana ngazi.

Amesema atarudi Jumamosi kuziba ufa, kukata ule mti na kuongeza matofali juu. Meko nimeyafunga kwa bati, na wageni nawapa blanketi la tatu. Jana mmoja aliomba sigiri ya makaa aingize chumbani. Nikampa chai.