Kupiga kambi Msimbati: uzoefu wangu kwa wenye hema na madumu

Kwa wanaouliza mahali pa kupiga hema Mtwara, jibu langu ni Msimbati. Ila si kwa kila mtu, nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo nilipita kuangalia kiwanja cha mtu binafsi karibu na mjini. Choo kizuri, umeme wa kuchajia simu upo, bei haina utata. Lakini nilikwenda jioni makusudi, nikakuta taa inamulika kiwanja kizima na spika za baa ya jirani zimeelekezwa huko huko kwenye mahema. Nikashukuru, nikaondoka. Mahali pa kambi pakaguliwe usiku. Mchana kila pahali ni pazuri.

Msimbati iko kilomita 40 na ushee kutoka mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Vijiji vimo humo humo ndani ya hifadhi, watu wanavua na kuokota korosho zao, kwa hiyo usitarajie pori tupu. Mitambo ya gesi nayo ipo maeneo hayo. Wapo inaowaudhi; mimi haikuninyima usingizi. Ulizia vibali na ada kwa wahusika wa hifadhi kabla hujafungua mzigo, na risiti usiitupe.

Njia ya kuelekea ufukweni ina mchanga mwingi. Gari dogo litakutoa jasho. Sisi tulikuwa na gari la kuvuta magurudumu yote, na bado tulilazimika kupunguza upepo kwenye matairi. Bodaboda wanafika bila shida, lakini jaribu kupakia hema, jiko, mkaa na madumu kwenye bodaboda moja uone.

Sasa hema. Kila mgeni anataka alale karibu na maji. Mzee mmoja mvuvi, baada ya shikamoo, alitutazama tunavyopima pima akasema, "Mwanangu, mwezi mpevu huu. Panda juu." Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani hii hupita mita 3. Tafuta mstari wa majani makavu ya baharini yaliyoachwa na maji, kisha uuvuke kwenda juu, tena uuvuke kwa mbali. Chini ya mnazi wenye nazi usilale kabisa, hata kivuli kikikuita. Mivinje ndiyo salama, na sindano zake zikianguka zinakuwa godoro la bure.

Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga ule. Tulijaza mchanga kwenye viroba vya sukari, tukafunga kamba za hema, tukavifukia. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ilivuma usiku kucha na hema halikusogea. Tulikwenda Agosti, kwa hiyo upepo ulikuwepo wa kutosha, lakini mvua hakuna na mbu wachache. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni masika ya kusini. Siwashauri, labda kama mnapenda kukamua magodoro.

Maji ya kunywa njooni nayo kutoka mjini, msihesabu kupata huko. Sisi tulikadiria lita 10 kwa kichwa kwa siku, kunywa, kupika na kujisuuza chumvi, na yalitosha bila kubaki mengi. Chakula hakina shida: samaki na pweza unanunua kwa wavuvi wenyewe asubuhi, na ukibahatika kukuta ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, inauzwa njiani, nunua nyingi, inafaa sana kutafuna wakati mkaa unashika. Nyanya, vitunguu na malimau beba kutoka sokoni Mtwara.

Bahari yenyewe ni safi na matumbawe yapo, ila kina kinaongezeka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Wenye watoto wadogo ningewaelekeza Mikindani, mji mdogo jirani na Mtwara, wapange chumba, waje Msimbati kutwa na kurudi. Na wale wenzangu wanaowasha moto usiku, fahamuni kasa hupanda fukwe hizi kutaga. Tochi kali na moto mkubwa ufukweni humrudisha baharini bila kutaga. Moto wetu tuliuweka nyuma ya miti, kwenye shimo, na ulitosha kuchoma pweza wote tuliokuwa nao.